Kuishi jirani na kambi ya jeshi katikati ya jiji: mwongozo kutoka mtaani kwetu Arusha

Haupiti mwezi bila mtu kusimama gengeni kwangu na kuniuliza, "Mama, kuna kiwanja nimeoneshwa huku, bei nzuri, ila kiko karibu na jeshi. Ninunue nisinunue?" Jibu la neno moja halipo. Nimeamua kuandika yote ninayowaambia watu hao, ili anayefikiria kuhamia jirani na kambi, na aliyekwisha kuhamia, apate pa kuanzia.

Nakaa kwenye mtaa unaopakana na kambi hapa Arusha. Nauza genge, nina vyumba vya kupangisha, na kwa miaka mingi nimekuwa mjumbe wa kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa, kwa hiyo ugomvi wa mipaka, watoto waliopotea, mbuzi walioingia kambini na barua za kwenda kwa kamanda vyote vimepita mikononi mwangu. Kambi yenyewe siitaji jina, wala sielezi ndani kuna nini. Wewe nawe ukizungumza habari za kambi ya jirani yako, fanya hivyohivyo. Hilo ni somo la kwanza.

Kambi ilikutangulia

Watu wengi wanadhani jeshi limewafuata mjini. Mara nyingi mji ndio uliolifuata jeshi. Kambi ya Lugalo kule Dar es Salaam, enzi zile ikiitwa Colito, ilikuwa nje ya mji. Hapo ndipo maasi ya askari yalipoanzia tarehe 20 Januari 1964, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likaundwa jeshi jipya, JWTZ, chini ya mtoto wa huku kwetu Meru, Mrisho Sarakikya. Leo Mwenge, Makongo na Kawe zimeizunguka Lugalo pande zote, na Barabara ya Bagamoyo inapita na foleni yake ubavuni. Kambi haikusogea hata hatua moja. Nyumba ndizo zilizosogea.

Na sisi Arusha tusijione tofauti. Panda Barabara ya Boma kutoka Mnara wa Saa mpaka juu, utalikuta lile boma jeupe la Wajerumani. Lilijengwa mwaka 1900, likiwa ngome ya kijeshi, askari wakiwa ndani, baada ya Wajerumani kuwapiga Waarusha na Wameru. Mji ukaota kulizunguka. Siku hizi ni makumbusho, watoto wa shule wanaingia kuangalia historia ya binadamu wa kale.

Naleta habari hizi kwa sababu madalali wanazitumia vibaya. Dalali atakwambia, "Dada, hii kambi itahamishwa, jiji limeshakua, hapa patakuwa kama Njiro, nunua sasa." Usinunue kwa ahadi hiyo. Boma liliwatoka waliolijenga kwa sababu walifukuzwa Arusha vitani mwaka 1916. Lugalo ipo palepale mpaka leo. Fanya hesabu zako ukijua kwamba kambi itakuwepo wajukuu wako wakiwa na wajukuu, na kwamba karatasi za eneo lake ni kongwe kuliko karatasi yoyote utakayopewa wewe.

Ukuta sio mpaka

Hapa ndipo watu wanapoumia, naomba usome taratibu.

Mnunuzi akifika anaona ukuta, au senyenge, au mstari wa michongoma na mikaratusi. Anasema, kambi inaishia pale, huku ni kwa wananchi. Sivyo. Jeshi linaweza kuwa limeweka senyenge ndani ya eneo lake na kuacha ukanda nje, ili kusiwe na mtu anayejenga hadi kwenye uzio. Ukanda ule unabaki wazi miaka mingi. Mtu mmoja analima mahindi, mwingine anafunga ng'ombe, wa tatu anapanda migomba, na mwishowe anatokea mtu na kuuza. Anayeuza huenda ni muungwana kabisa, amelima pale tangu ujana wake na anaamini ni pake. Lakini mtu hawezi kukuuzia kisicho chake, na muhuri wa mtaa kwenye karatasi ya mauziano haubadilishi kitu hapo. Nasema hivi nikiwa mtu wa serikali ya mtaa. Muhuri wetu unashuhudia kwamba mmeuziana mbele yetu. Hautengenezi umiliki.

Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi yoyote, hata ile ya "kushikilia", fuata njia hii.

Kwanza tembea kwa miguu. Nenda mchana, na mwenyeji, mtembee nje ya uzio kwenye njia ya wananchi mkitafuta bikoni, yaani alama za mpaka. Bikoni ya kawaida ni zege fupi lililochomoza kidogo ardhini, lina nondo katikati. Nyingine zimefunikwa na majani, nyingine zimefukiwa na maji ya masika, na nyingine, tuseme ukweli, zimeng'olewa na watu usiku. Ukiona bikoni iko mita nyingi nje ya uzio, upande wa kwako, simama hapo na ujiulize ni ya nani. Usiiguse wala usiisogeze. Angalia pia mabango. Lile la "Eneo la Jeshi, Hairuhusiwi Kupita" mara nyingi limesimikwa pale mpaka halisi ulipo, na watu wamezoea kulipita kana kwamba ni tangazo la soda.

Halafu nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri. Omba kuona mchoro wa mipango miji wa eneo hilo na ramani ya upimaji. Uliza swali moja tu, kwa sauti, na ulirudie mpaka lijibiwe: "Kiwanja hiki kimo ndani au nje ya eneo la jeshi?" Usikubali kuambiwa "hakina shida". Kama kina namba na hati, fanya upekuzi kwa msajili wa hati ujue jina lililoandikwa pale ni la nani na kama kuna zuio. Kama hakijapimwa, tafuta mpima ardhi aliyesajiliwa, mlipe, aje na mashine yake asome alama za pembe nne na kuzilinganisha na ramani. Gharama yake utaiona kubwa siku hiyo. Nimeona familia iliyoiona kubwa ikaacha, ikajenga vyumba vitatu na choo cha nje, baadaye ikaja rangi nyekundu ukutani, ile alama ya X ya nyumba inayotakiwa kubomolewa. Baba mwenye nyumba alikuwa ameshafunga madirisha ya aluminiamu, yale ya kioo cha bluu. Aliyafungua moja moja kwa bisibisi akayaegemeza kwenye mgomba, na mkewe akawa anafuta vumbi kwenye kila kioo kwa upindo wa kanga yake, kama vile vinaingia nyumba mpya. Aliyemuuzia alikuwa ameshahama.

Mwisho, uliza majirani watatu, sio mmoja, na waulize mbali na dalali. Usiwaulize "pana shida?" Waulize: "Jeshi limewahi kuja kupima hapa? Lini? Waliweka nini?" Watu wa mtaani wanakumbuka vizuri siku ambayo gari la jeshi lilisimama na watu wakashuka na mkanda wa kupimia.

Kama tayari umeshajenga na una wasiwasi, usingoje X. Kusanya ulichonacho, yaani karatasi ya mauziano, risiti za kodi ya majengo, bili za umeme, na uende ofisi ya ardhi na majirani wenzako mkiwa kundi. Mgogoro wa mpaka unaopelekwa na kaya ishirini wakati kuna utulivu unasikilizwa tofauti na ule unaopelekwa na mama mmoja analia tingatinga likiwa mlangoni.

Kupanga chumba

Hapa mambo ni mepesi. Mitaa ya karibu na kambi ina utulivu, wezi wanaiogopa, na kodi inalipwa. Ukiwa mwenye nyumba, wanajeshi ni wapangaji wazuri. Tatizo lao ni moja, kuondoka ghafla. Leo yupo, kesho amepata uhamisho, au amepangiwa ulinzi wa amani Kongo au Lebanoni, na chumba kimejaa vitu. Kwenye mkataba andika jina na simu ya ndugu yake mmoja atakayekuja kufungasha. Afande yeyote mwenye akili hatakataa sharti hilo, maana linamlinda na yeye.

Adabu za kila siku

Saa 12 asubuhi na saa 12 jioni bendera inapandishwa na kushushwa. Ukiwa mbele ya lango au unaiona bendera, simama wima mpaka zoezi liishe. Kama uko kwenye bodaboda, mwambie dereva azime na mshuke. Mgeni aliyetoka mkoani asipoambiwa ataendelea kutembea huku anaongea na simu, na askari wa getini atamwita. Mfundishe mgeni wako kabla.

Alfajiri kuna mchakamchaka. Kikosi kinatoka kwa nyimbo, kinashika nusu ya barabara. Dereva wa daladala, punguza mwendo, washa taa za hatari, usipige honi na usipenyeze gari katikati ya safu. Wanapita kwa dakika chache tu. Sisi wenye genge tumejifunza kupanga nyanya baada ya wao kupita, kwa sababu ya vumbi.

Getini usikaribie na mkono mfukoni. Simama pale palipoandikwa usimame, salimia, sema jina lako, unatoka wapi, unamtafuta nani. Ukijibiwa "subiri", subiri nje ya kamba. Usibishane na kijana wa zamu hata kama ana umri wa mwanao. Anatekeleza amri na hana mamlaka ya kukusaidia, kwa hiyo ukimfokea unapoteza nguvu. Ukiona umedhulumiwa, kumbuka saa na tarehe, urudi kupitia mtaa.

Picha ni jambo zito kuliko watu wanavyolichukulia. Kambi ni eneo linalolindwa kisheria, Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 ipo, na simu yenye kamera haijaifuta. Ukijipiga selfi mtaani, geuza mgongo wako uelekee Mlima Meru, usiuelekeze kambini. Ukiweka kamera ya ulinzi nyumbani, ielekeze kwenye geti lako na ua wako. Isitazame ng'ambo ya uzio. Na nyie vijana wa video za harusi, nawasihi: droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kibali cha Wizara ya Ulinzi popote pale nchini, sembuse mtaa wenye kambi. Mtaani kwetu iliwahi kurushwa siku ya send-off, binti bado anapambwa ndani. Haikupita muda askari walikuwa uani, muziki umezimwa, mpiga video anahojiwa, na mashangazi waliotoka Machame na mashuka yao mapya wamekaa kimya kwenye viti vya plastiki mpaka jua lilipozama. Mwenye shughuli ndiye aliyeaibika, na yeye hakujua hata kama droni ina kibali chake. Kwa hiyo unapomlipa mpiga video, muulize kabla hujatoa kianzio.

Nguo nazo. Kwenye mitumba ya Kilombero na Samunge unaweza kukuta jaketi la mabaka la nje, zuri, zito, la baridi ya Julai. Liache hapohapo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 178, inakataza raia kuvaa sare za majeshi, na Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku 7 kwa raia wenye mavazi hayo na yanayofanana nayo kuyasalimisha. Usimnunulie mtoto hata kofia. Na ukimpangisha mwanajeshi akasahau kombati kwenye kamba ya nguo, usimwachie mwanao aivae kwa utani, ikunje umwekee.

Chuma usichokijua

Nimefika kwenye jambo linaloninyima usingizi kuliko mengine yote.

Mitaa yetu ina watoto wanaookota vyuma chakavu. Jumamosi utawaona na viroba, wanapita kwenye mitaro na makorongo, wanatafuta misumari, sufuria zilizotoboka, nondo, makopo, wakauze kwa kilo kwenye mizani ya mnunuzi. Hela wanayopata ni ndogo, ya daftari au ya mandazi, na wazazi wengi hawaulizi imetoka wapi. Jirani na kambi, au jirani na uwanja wa shabaha, au popote palipowahi kuwa na vita, lazima uulize.

Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, Ngara, mkoani Kagera, mwanafunzi alifika shuleni na kitu alichokiokota akidhani ni chuma chakavu. Lilikuwa bomu la kurushwa kwa mkono. Lililipuka wakiwa shuleni, wanafunzi 5 wakafariki na makumi wakajeruhiwa. Ngara si jiji, na wale watoto hawakuwa na kosa lolote. Walikuwa wanafanya kile ambacho watoto wa mtaani kwangu wanafanya kila Jumamosi.

Waoneshe watoto kwa maneno wanayoelewa. Mimi huwakalisha kwenye ngazi ya genge na kuwachorea mavumbini kwa kijiti. Bomu la mzinga mdogo lina umbo la chupa iliyonona katikati, na nyuma lina mapezi madogo yamejipanga mduara. Likikaa ardhini muda mrefu linakuwa na kutu na linafanana na kipande cha bomba la maji. Bomu la mkono linaenea kiganjani, wakati mwingine lina vijumba vijumba kama nanasi. Ganda la risasi ni la shaba, linang'aa, na ndilo linalowavutia kwa sababu mnunuzi analipa shaba bei ya juu. Waambie hivi: hata kama ni ganda tupu, hata kama rafiki yako ameshaokota matatu na hakudhurika, usiguse.

Mtoto akiona kitu cha namna hiyo afanye nini? Asikiguse, asikipige jiwe, asikimwagie maji, asikizike. Arudi kwa njia ileile aliyojia, aweke alama mbali na kitu chenyewe, kwa mfano afunge kitambaa kwenye mti wa njiani, aje amwambie mtu mzima. Mtu mzima naye asiende kukihakiki. Mwite mwenyekiti wa mtaa, au piga 112 kwa polisi, na mzuie kila mtu asisogee mpaka wataalamu wafike. Usikipige picha kwa karibu ili uwatumie watu kwenye magrupu ya WhatsApp. Na usimgombeze mtoto aliyekuletea habari, hata kama alikuwa mahali ulipomkataza. Ukimchapa leo, siku nyingine atanyamaza.

Kisha kazungumze na mnunuzi wa chuma chakavu. Mtaani kwetu tulimfuata kama kamati, tukakaa naye, tukakubaliana hanunui kwa mtoto kitu chenye umbo la risasi au bomu, na akiletewa anatupigia simu. Alikubali bila shida, maana nyundo yake ndiyo ingekuwa ya kwanza kukigonga.

Ukisikia mlipuko

Bunduki za mazoezi utazizoea. Mshindo mkubwa, unaotikisa bati na kufuatiwa na mwingine, huo si wa kuzoea. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, mchana, watoto wakiwa shuleni na mama zao sokoni. Tarehe 16 Februari 2011 ikawa Gongo la Mboto, usiku. Kila tukio liliua zaidi ya watu 20, nyumba nyingi zikabomoka, na vyuma vikaruka mbali sana na kambi. Baada ya Gongo la Mboto maelfu walikimbilia Uwanja wa Uhuru, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao gizani.

Kupotezana kule ndiko tunakoweza kukuzuia sisi wenyewe, bila kungoja serikali. Kaeni kama familia mchague mahali pa kukutana, na pa pili kama pa kwanza hapafikiki. Pawe mbali na kambi, na njia ya kwenda isipite langoni kwake. Hapa Arusha angalia pia makorongo: njia inayovuka Themi au Naura kwa daraja la miti haifai wakati wa masika. Kila mtoto anayejua kusema ajue jina kamili la baba na mama, sio "Mama Nuru", maana akina Mama Nuru ni wengi. Ajue jina la mtaa, na namba moja ya simu kichwani. Mwimbishe namba hiyo akiwa anaoga mpaka aishike.

Mshindo ukitokea, toka dirishani. Watu hukimbilia dirishani kuangalia, na kioo ndicho kinachowakata. Lala chini nyuma ya ukuta imara, funika kichwa. Ukipata nafasi, zima jiko la gesi, beba watoto, ondoka kwa miguu kuelekea mbali na kambi. Acha televisheni, acha kuku. Usisimame barabarani kupiga video, magari ya wagonjwa na ya zimamoto, namba yao 114, yanahitaji njia hiyo. Mwenye shule ya awali karibu na kambi anatakiwa awe ameshapanga nani anashika darasa lipi na wanatokea wapi, na mzazi una haki ya kumuuliza siku ya kuandikisha mtoto.

Baada ya kutulia usirudi mpaka utangaziwe. Ukirudi, tembea ukiangalia chini, angalia juu ya bati, angalia kwenye migomba, angalia tangi la maji. Kila chuma kigeni ni kile tulichokwisha kukizungumza.

Kuandika barua kambini

Matatizo ya kawaida kati ya mtaa na kambi hayahitaji ugomvi. Ni mtaro wa maji ya mvua unaomwaga majumbani, ni njia ya watoto wa shule iliyofungwa, ni mbuzi, ni mwanajeshi aliyekopa genge akahama. La mwisho hilo usilipeleke kwa kamanda kwanza. Mpigie mwenyewe, halafu ongea na mkubwa wake kwa heshima, kwa kawaida hela hupatikana mwisho wa mwezi.

Mengine yaandikie barua. Iandikwe na ofisi ya mtaa, si na mtu mmoja, ielekezwe kwa Kamanda wa Kikosi kupitia kwa Mtendaji wa Kata, na nakala iende kwa Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya. Kwenye "YAH" andika jambo moja tu. Sisi tuliwahi kushuhudia barua yenye malalamiko ya maji, kelele, njia na mbuzi kwa pamoja, ikakaa tu, kwa sababu kila afisa aliyeipokea aliona sehemu kubwa hazimhusu. Tulipoandika ya mtaro peke yake, tukaeleza maji yanatokea wapi, yanaingia nyumba za nani, na kuanzia mvua za lini, walikuja vijana na majembe na chepe, wakachimba pamoja na sisi, na akina mama tukapika makande.

Ombeni pia mtaa uwe unaarifiwa siku za mazoezi ya shabaha, tangazo lisomwe msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili, ili mama mwenye mtoto mchanga na mzee wa presha wajiandae. Hili halihitaji bajeti, na makamanda wengi hulikubali kwenye kikao cha kwanza.

Mkikubaliana chochote, kiandikwe kwenye muhtasari, upande wa kambi uweke sahihi na mihuri miwili igongwe, nakala ibaki kwenye faili la mtaa. Kamanda atahamishwa, mwenyekiti atashindwa uchaguzi, na anayekuja atauliza karatasi iko wapi.